Iguana, kobe au paka: nani atakuzoea kweli ukiwa Dodoma?

Kama unachotafuta ni mnyama atakayekuja mbio mlangoni ukirudi jioni kutoka kazini Mtumba, chukua paka. Natanguliza jibu hili kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za iguana wameshatazama video: mjusi wa kijani kajilaza kifuani mwa mtu, macho kayafumba, anapapaswa shingo, na chini yake pameandikwa jinsi anavyompenda mama yake. Baada ya hapo kila mtu anamtaka wa kwake. Iguana ni mnyama wa kustaajabisha na nitamtetea, lakini anachokupa si kile kinachoahidiwa na video ile. Na baridi yetu ya hapa Dodoma inamfanya mgumu zaidi kumsoma.

Ninaowalinganisha ni watatu. Iguana wa kijani, yule mkubwa wa Amerika ya Kati na Kusini. Kobe, kwa sababu akitajwa mtambaazi wa kufuga, watu wa huku humfikiria yeye kwanza. Na paka, kwa sababu yeye ndiye aliyepimwa vizuri kuhusu suala lenyewe, yaani kushikamana na mtu. Bei na uzuri nitavigusa kidogo tu. Swali langu kubwa ni moja: huyu mnyama, wewe kwake ni nani?

Kushikamana kunapimwaje

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuchunguza uhusiano wa mama na mtoto akiwa jirani zetu Uganda, vijijini karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955. Alichokigundua ni kwamba mtoto aliyeshikamana vizuri na mama yake hamng'ang'anii saa zote. Anatambaa kwenda kuchokonoa vitu, anageuka kumtupia mama jicho, anaendelea. Akishtuka anarudi kwa mama, na si kwa mtu yeyote aliye karibu. Akishatulia, anaondoka tena kwenda kucheza. Kwa hiyo mama ni kimbilio, na wakati huohuo ndiye anayempa mtoto ujasiri wa kwenda mbali.

Mwaka 2019 Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, walichapisha matokeo ya kipimo cha namna hiyo kwa paka. Paka mdogo anaingizwa chumba asichokijua pamoja na mtu wake, mtu anatoka kwa dakika mbili, kisha anarudi. Karibu theluthi mbili ya paka wale walimpokea mtu wao, wakatulia, halafu wakaendelea kukagua chumba. Kiwango hicho hakipishani sana na cha watoto wa binadamu. Paka tuliyezoea kumwona hana habari na mtu, kumbe ana habari nasi sana.

Iguana akishtuka hufanya jambo jingine kabisa. Anakimbilia juu. Kwao, misituni, juu ndiko kwenye usalama, na mara nyingi tawi analolichagua linainamia mto ili akizidiwa ajitupe majini. Sebuleni kwako juu ni pazia, kabati au kichwa chako. Mtu aliyesimama katikati ya chumba ni mti mzuri tu, na kucha za iguana zinapanda shati bila shida. Wengi wanaosema "akiogopa ananikimbilia mimi" wanasema kweli kuhusu walichokiona, ila nawaomba wajaribu siku moja kuketi chini karibu na stuli ndefu, waone atapanda wapi.

Anajua ndugu, hajui mama

Hata hivyo msije mkamwona iguana kama jiwe lenye mkia. Katika mijusi, huyu ana maisha ya kijamii yanayoshangaza, na ukiyajua utaelewa kwa nini baadhi yao huwazoea watu kuliko mijusi wengine.

Jike huchimba shimo, hutaga mayai kati ya 20 na 70 hivi, hufukia, halafu huenda zake. Mayai hukaa ardhini karibu miezi mitatu. Miaka ya 1970 Gordon Burghardt na wenzake walikaa wakitazama kisiwa kidogo kiitwacho Slothia, katika ziwa Gatún nchini Panama, ambako majike huenda kutaga. Walichokiona hakikuwa kila kitoto kutoka shimoni na kushika njia yake. Kichwa kimoja kinachungulia, kinasubiri, kinatokea kingine, kisha wanatoka kwa kundi. Wanagusana, wanatikisa vichwa, wanafuatana hadi kwenye majani, na usiku wanalala wamebanana kwenye tawi moja. Baadaye, mwaka 1987, Dagmar Werner na wenzake walionyesha kwamba watoto hawa huwatambua ndugu zao wa tumbo moja na hupendelea kukaa nao kuliko wageni. Katherine Troyer naye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alieleza jinsi watoto wanavyokula kinyesi cha wakubwa ili wapate vijidudu vya kumeng'enya majani, kwa kuwa iguana ni mla majani na tumbo lake haliwezi kazi hiyo bila msaada wa vijidudu hivyo.

Kwa hiyo uwezo upo. Iguana anaweza kumtofautisha mmoja na mwingine, anaweza kuvumilia kuguswa, anaweza kufuata. Asichokuwa nacho ni uhusiano wa kulelewa. Hakuna aliyemletea chakula mdomoni, hakuna aliyemwita alipopotea naye akaitikia. Paka na mbwa wamenyonya, wamelambwa, wamebebwa kwa meno na mama zao, na sisi tunapowalea tunaingia katika nafasi ambayo tayari ilikuwepo. Kwa iguana nafasi hiyo haipo. Nafasi uliyonayo wewe ni ya kiumbe mkubwa anayejulikana, ambaye hajawahi kumdhuru na ambaye mikononi mwake hutoka vitu vizuri. Mimi naiona ni nafasi ya heshima, na inatosha kumfurahisha mtu anayejua anachokitazama.

Julai ya Dodoma na iguana "mpole"

Dodoma iko kwenye mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mchana wa kiangazi jua ni kali, lakini usiku wa Juni na Julai joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Wenyeji tunazijua asubuhi zile za upepo, watoto wanakwenda shule na masweta mawili. Iguana anahitaji kuota joto la nyuzi 35 hivi mchana ili tumbo lifanye kazi, na usiku asishuke sana chini ya 23 au 24.

Sasa fikiria iguana aliyelala kwenye kreti pembeni ya chumba kisicho na taa ya joto, mwezi wa saba. Saa moja asubuhi unamtoa. Hapigi mkia, hakwepeshi mkono, anakaa pale unapomweka. Ukimweka kifuani anajilaza, anapanua mbavu, anakugandia. Ni picha nzuri ya kuwatumia ndugu. Lakini wewe una joto la nyuzi 37 na yeye ana joto la ukuta. Amekugandia jinsi mjusi wa ukutani anavyogandia bati lililopata jua. Na ule upole wote ni misuli iliyopoa. Huko Florida, ambako iguana waliotoroka kwa wafugaji wamejaa, baridi kali ikiingia huanguka kutoka mitini wakiwa hai lakini hawawezi hata kujongea. Dodoma haifiki huko, ila njia ni hiyohiyo.

Niliwahi kumtazama mmoja katika nyumba ya familia moja mtaa wa Kisasa. Asubuhi watoto walikuwa wakipokezana kumbeba kama mtoto mchanga. Saa sita walimtoa uani kwenye banda la waya lililopata jua, na baada ya nusu saa alikuwa mnyama mwingine: rangi imekuwa ya kijani ing'aayo, shingo juu, kila mkono unaopita unafuatwa kwa jicho moja, na binti mmoja aliponyoosha mkono kumshika alijigeuza ubavu, akajibana akawa bapa na mrefu, akaelekeza mkia upande wa binti. Ile ni onyo, na mkia ule ukichapa unaacha alama. Wale watoto hawakuwa wakimfahamu iguana wao. Walimfahamu akiwa na baridi tu.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Mwache aote hadi joto limkolee. Mpe chakula ashibe. Kisha kaa chini hatua chache kutoka alipo, usimwite, usinyooshe kitu. Akija mwenyewe, akakulamba mkono kwa ncha ya ulimi, akapanda gotini na kutulia huku akiangaza pande zote, hapo una haki ya kusema amekuzoea. Anakuonja harufu, anajua ni wewe, na amechagua. Haitatokea haraka. Kwa iguana mchanga aliyezoeshwa vizuri tegemea miezi mingi, na kwa mkubwa aliyewahi kukamatwa kwa nguvu tegemea zaidi ya hapo.

Macho yaliyofumba

Hili nalikazia kwa sababu linawatesa wanyama wengi bila wenye wanyama kujua. Mwaka 2000 Michel Cabanac wa Chuo Kikuu cha Laval, Canada, pamoja na Arnaud Cabanac walipima mapigo ya moyo ya iguana aliyeshikwa kwa upole kabisa. Yalipanda kutoka karibu 70 kwa dakika hadi karibu 110. Mnyama amekaa kimya mikononi huku moyo unakimbia.

Iguana anayepapaswa akafumba macho yote mawili huenda anafurahia, na huenda pia anajifungia nje ya jambo asilolitaka na hana pa kulikimbia. Tofauti iko mwilini kote. Aliyetulia ana tumbo linalopumua polepole, miguu imelegea nyuma kama nguo iliyoanikwa, ngozi ya kidevuni imekunjwa, na ukiacha kumpapasa haondoki. Aliyebanwa ana vidole vilivyokaza, pumzi za haraka, ngozi ya kidevuni imeshuka, rangi inaanza kuwa nyeusi shavuni au mwilini, na ukilegeza mkono tu ameshaondoka. Acha mlango wazi kila mara unapomgusa. Anayekaa wakati angeweza kuondoka ndiye anayekuambia kitu.

Kutikisa kichwa nako kunachanganya. Kutikisa polepole mara moja mbili ni kama kusema "nimekuona, na mimi nipo". Watu wengi hulichukua kama salamu, na si kosa kubwa. Lakini mtikiso wa haraka wa upande kwa upande pamoja na kidevu kilichoshuka ni changamoto, na hapo usimjibu kwa kutikisa chako, wala usimkodolee macho. Kaa pembeni, pitisha muda.

Njia bora niijuayo ya kumzoesha ni chakula cha mkononi, na hapa Dodoma tumebarikiwa. Chakula chake cha kila siku kiwe majani: mlonge, majani ya maboga, matembele, majani ya mzabibu. Mchicha na spinachi visiwe msingi, vina asidi inayozuia madini ya kalisi yasitumike. Kisha punje ya zabibu iliyokatwa, mara mojamoja, iwe ya kutoka mkononi mwako tu na si kwenye sahani. Ukichuma majani ya mzabibu huko Hombolo au Mpunguzi uliza kwanza kama shamba limepigwa dawa, maana zabibu zetu hupuliziwa mara nyingi. Na tafadhali, ugali, dagaa na mayai ya kuchemsha si chakula cha iguana, hata kama anavipapia. Figo zake hulipa baadaye.

Dume, jike, na habari ya kufuga wawili

Ukishaamua kuwa ni iguana, basi uchaguzi wa dume au jike una uzito kuliko uchaguzi wa rangi au umri. Dume aliyekuzoea mwaka mzima anaweza kukugeuka msimu wa kupandana. Mwili huchukua rangi ya chungwa, kichwa kinatikiswa kutwa, chakula kinapungua, na wewe unakuwa ama mpinzani ama mwenzi. Hali hii hudumu wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na inarudi kila mwaka. Dume mkubwa anaweza kuzidi mita moja na nusu pamoja na mkia na kufika kilo nne au zaidi, na meno yake ni kama msumeno mdogo. Akiuma, mtu anashonwa. Mtu mwenye watoto nyumbani hapaswi kufuga dume, na hapa sina mjadala.

Jike kwa kawaida ni mdogo kidogo na mwepesi kuishi naye. Tatizo lake ni mayai: hutaga hata bila dume, na asipopata mahali pa kuchimba anaweza kuyashikilia tumboni akafa. Anahitaji boksi la udongo wenye unyevu ambalo anaweza kuingia mzima.

Watu wenye huruma hutaka kumtafutia mwenzi ili asiwe mpweke. Nawaelewa, lakini msifanye hivyo. Upendo ule wa ndugu ni wa utotoni. Wakishakua, madume wawili ndani ya banda moja watapigana, na hata majike hugombea tawi lenye joto. Ukiona mmoja amelala juu ya mwenzake chini ya taa, usidhani wanakumbatiana. Wa juu amechukua nafasi, na wa chini anakosa joto, na baada ya miezi utamkuta amekonda bila kujua sababu.

Kobe

Kwa kobe nitakuwa mfupi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Kobe anayeokotwa vichakani Bahi au Kondoa ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukaa naye bila kibali, hata kama umemwokoa barabarani. Yule kobe bapa wa kwenye miamba, ambaye kati mwa Tanzania ndiko kwao, tangu 2019 yuko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ngazi ya juu kabisa ya ulinzi, kwa sababu amewindwa sana kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo. Huyo mwache alipo.

Sababu ya pili ni kwamba kwa jambo tunalolitafuta, kobe anatoa kidogo zaidi ya iguana, ingawa ana akili kuliko anavyodhaniwa. Mwaka 2010 Anna Wilkinson na wenzake walionyesha kobe wa miguu myekundu wakijifunza kuzunguka uzio kwa kumtazama kobe mwingine aliyekwisha jua njia, na hao ni kobe ambao kwa asili huishi peke yao. Utafiti mwingine uliochapishwa 2019 ulikuta kobe wakubwa waliofundishwa katika bustani ya wanyama ya Vienna wakikumbuka somo lao baada ya miaka 9. Kwa hiyo kobe atakujua hatua zako na atakuja kwenye sahani, tena atafanya hivyo kwa miongo. Ila ukimnyanyua juu hafurahi hata siku moja. Faida yake kubwa ni kwamba nchi kavu kama yetu ndiyo nyumbani kwake, hana shida ya unyevu wala taa ya gharama. Ukiwa na eneo kubwa, kibali mkononi, na moyo wa kumtazama mnyama bila kumshika, atakupendeza.

Nyumba, umeme na majirani

Iguana si mnyama wa chumba cha kupanga. Akikua anahitaji banda la urefu wa kupanda, angalau mita mbili kwenda juu, lenye matawi imara. Jua la Dodoma ni zawadi kwake, kwa kuwa miale ya UVB ndiyo inayouwezesha mwili kutumia kalisi, na ukiikosa mifupa inalainika, taya linavimba, miguu inapinda. Lakini jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, kioo huzuia miale hiyo. Lazima atoke nje, kwenye waya, penye kivuli upande mmoja, maana jua la Oktoba ndani ya banda lisilo na kivuli huua kwa muda mfupi.

Hewa yetu kavu ndiyo adui wa pili. Kwao unyevu ni mwingi. Huku kati ya Mei na Novemba karibu hakuna mvua, na ngozi inapojivua hukwama kwenye vidole na ncha ya mkia, ikibana mpaka damu haipiti. Mrushie maji kila siku na mpe beseni la kuogea. Beseni hilo liwe lake, lisioshewe vyombo, kwa sababu watambaazi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuumwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike, na wengine wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika.

Umeme ukikatika usiku wa Julai, chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa zitamvusha. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa litawaua yeye na ninyi.

Daktari wa mifugo wa mtaani anajua ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Kwa mjusi utahitaji mtu aliyebobea, na pa kuanzia kuuliza ni Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambako ndiko madaktari wa mifugo wanakosomea. Ni kilomita 260 hivi. Jua hilo kabla ya kumnunua, si siku anapoacha kula.

Paka, kwa kulinganisha, anaomba kidogo mno: chakula, maji, chanjo ya kichaa cha mbwa kila inapotakiwa, na kufungwa uzazi kama hutaki ukoo mzima uani. Panya wa stoo ya mahindi wanaondoka. Na jirani akimwona ukutani hapigi kelele. Iguana akitoroka Nkuhungu au Chang'ombe, kwa macho ya watu ni kenge, na atapigwa mawe kabla hujafika. Waambie majirani mapema, waite wamwone, mpe mmoja wao jani amlishe. Nimeona hofu ikiisha kwa njia hiyo kuliko kwa maelezo.

Kuhusu uhalali, iguana wa kijani yuko katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji kibali cha alikotoka, na kuingiza mnyama hai nchini kuna taratibu zake za wanyamapori na za mifugo. Bahati nzuri wizara zote mbili ziko Mtumba, hivyo nenda ukaulize kabla ya kulipa. Anayekuuzia bila karatasi yoyote anakuuzia kesi. Na usimwachie porini ukimchoka. Florida na Puerto Rico wanajua wanachokipata kwa kufanya hivyo.

Nani achukue nani

Familia yenye watoto wadogo: paka. Atawajua kwa hatua zao, na wao watajifunza kumjali kiumbe anayeonyesha waziwazi kwamba anajali pia.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au mtumishi aliyepanga chumba na anayeweza kupewa uhamisho wakati wowote: paka, au usifuge kabisa kwa sasa. Iguana aliyetunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, na huzoea mahali kama anavyozoea mtu. Akihamishwa nyumba huweza kugoma kula siku kadhaa. Ukilazimika kuhama naye, chukua matawi yake yaleyale na uyapange kwa mpangilio uleule, na usimguse mpaka aanze kula.

Mstaafu mwenye uwanja, kibali na miti: kobe anaweza kumfaa, na amwandike mrithi wa kumtunza, kwani kobe huishi miongo mingi.

Iguana namshauri mtu mmoja: mtu mzima mwenye nyumba yake, anayekaa nyumbani saa nyingi mchana, ambaye furaha yake ni kumsoma mnyama polepole, na ambaye hatavunjika moyo kwamba baada ya mwaka mzima wa kumlisha kwa mkono malipo yake ni mjusi kuvuka chumba, kumlamba kidole, na kukaa gotini dakika kumi kwa hiari yake. Kama hayo yanamtosha, achukue jike, na kwanza ahakikishe kuwa ni iguana kweli. Iguana ana gamba moja kubwa la duara shavuni chini ya sikio, miiba laini mgongoni na ngozi inayoning'inia kidevuni. Kenge hana hivyo, ulimi wake umegawanyika kama wa nyoka, na anakula nyama.

Na muuzaji akikuletea iguana asubuhi na mapema, mtulivu mkononi, mwambie utakuja kumwona saa saba mchana akiwa ameota jua. Mwombe afungue banda, wewe simama kando, uone mnyama mwenyewe anafanya nini mkono wa mtu anayemlisha unapoingia.